Kitasa cha Mlango wa Baba

Springi ya kitasa ikikuponyoka, usihangaike kuilaani. Huwezi kujua imeingia wapi. Inaweza kuwa chini ya kabati, inaweza kuwa ndani ya kiatu chako, na ipo siku ilitua kwenye kikombe cha chai cha mteja, mteja akainywa bila habari, na fundi akajinyamazia kwa sababu mteja mwenyewe alikuwa mkorofi. Fundi huyo ni Mama Pini. Jina hilo alipewa na watu wa barabara ile anakochonga funguo na kutengeneza vitasa, kwenye chumba chembamba kilichobanwa kati ya duka la rangi na saluni. Alikuwa mwanamke wa makamo, kitindamimba wa kwao, mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, na subira iliyokuwa imebaki kidogo sana.

Hata wewe ungeishiwa. Ndani ya kitasa mna vitundu vilivyojipanga mstari mmoja. Kila kitundu kina pini ya chini, pini ya juu, na springi ya kuzisukuma. Ufunguo wenyewe ukiingia, pini zinainuka zikalingana sawasawa na silinda inazunguka. Ukiingia ufunguo wa jirani, zinainuka ovyo na silinda inagoma. Uchawi wote ni huo. Kazi iko kwenye kuzipanga. Pini zenyewe ni ndogo kuliko punje ya mchele, zinateleza, ukikohoa zinahama, na ukigeuza silinda juu chini zinamwagika zote kana kwamba tangu asubuhi ulikuwa umekaa tu unapunga upepo.

Dawa yake aliiweka kwenye kopo la rangi ya viatu lililokwisha. Alikuwa ameyeyusha nta ya nyuki pamoja na mafuta ya mgando mpaka kikapatikana kitu laini chenye kunata. Alichovya ncha ya njiti ya kiberiti, akaigusisha pini, pini ikanata. Akaishusha kitunduni, nayo ikang'ang'ania kwenye ukuta wa kitundu na kutulia hapo hata silinda ikigeuzwa. Akishafunga kila kitu, aliingiza mafuta ya taa kidogo kwa bomba la sindano, nta ikayeyuka ikatoka, pini zikawa huru kupanda na kushuka.

"Kwa nini usitumie supagluu tu ukapumzika?" muuza rangi wa jirani alimuuliza mara nyingi, kwa sababu muuza rangi hakuwa na wateja wa kutosha.

"Pini nikiigandisha kwa supagluu, hicho si kitasa tena. Ni jiwe lenye tundu. Mimi nataka gundi inayojua kuachia. Za kushika tu ziko tele, kaziuze wewe."

Supagluu alikuwa nayo, ila kwa kazi nyingine. Mlango ukitakiwa kufunguka kwa funguo mbili tofauti, fundi huweka kisahani chembamba cha shaba katikati ya pini ya chini na ya juu, ili pini zilingane kwa namna mbili. Kisahani hicho hakikamatiki kwa mkono wala kwa koleo. Mama Pini alikigandisha kwenye kichwa cha msumari kwa tone moja la supagluu, akakisugua kwa tupa mpaka kikafikia unene anaoutaka, kisha akakizamisha kwenye dawa ya kutolea rangi ya kucha. Gundi ikalegea, kisahani kikaachia. Dawa hiyo aliinunua kwa yule binti wa saluni mara kwa mara hivi kwamba binti alianza kumtazama kucha zake, nyeusi kwa grisi, na kushangaa mama huyu anajipambia nani.

Lakini kilichommaliza Mama Pini hakikuwa pini wala springi. Vilikuwa vichwa viwili vya watu wazima, kaka yake na dada yake.

Kaka ndiye kifungua mimba. Alifanya kazi ya usimamizi wa ghala mpaka akastaafu, na mpaka leo anasimamia kila kinachosogea. Dada anashona sare za shule na ana tabia ya kuongea huku mkasi uko mkononi, ukiufuata kwa macho unasahau alichosema. Mama yao alipofariki, baba alibaki peke yake katika nyumba ile ya vyumba viwili na jiko, akajifulia, akajipikia uji, akasikiliza redio yake. Kaka akasema mzee hawezi kukaa peke yake, ahamie kwake. Dada akasema mzee haendi popote, yeye atakuwa anampelekea chakula. Kaka akadai dada anabeba vyombo vya marehemu kidogo kidogo, leo sufuria, kesho mapazia. Dada akadai kaka ameshaleta mtu wa kuangalia chumba cha mbele ili akipangishe. Wote wawili walimpenda baba yao, tena sana, ila kwa fujo.

Dada ndiye aliyeanza. Alikuja kazini kwa Mama Pini akafunga mlango nyuma yake.

"Mdogo wangu, nenda kabadilishe kitasa cha kwa baba. Ufunguo mmoja wake, mmoja wangu. Kaka asipate. Na usimwambie."

Akabadilisha. Haikupita muda kaka naye akaja, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Wewe mtoto, nani amegusa kitasa cha nyumbani? Kabadilishe. Ufunguo mmoja wangu, mmoja wa mzee. Dada yako akiuliza, hujui."

Akabadilisha tena. Ungesema, kwa nini hakukataa? Jaribu wewe kuwa kitindamimba. Mtu ana mvi kichwani na bado kwao anaitwa mtoto, anatumwa, na akifungua mdomo anaambiwa ngoja wakubwa waongee. Kwa hiyo alibadilisha, na kubadilisha, kila mara akipanga pini zile zile kwa mpangilio mwingine huku akisonya peke yake. Na kila mara alimwachia baba ufunguo mpya. Mzee aliupokea, akautia mfukoni pamoja na zile zilizotangulia, mpaka mfuko wa koti ukawa unaning'inia upande mmoja kama wa askari jela.

Siku ambayo mambo yaliharibika, jirani wa mlango wa pili ndiye aliyempigia simu. "Njoo umwangalie mzee wako. Amekaa nje muda mrefu, na akiulizwa anasema kuna mtu anamsubiri."

Mama Pini aliacha mteja katikati ya maneno, akabeba mfuko wa vifaa akaenda. Alimkuta baba yake amekaa kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa, jua limemgeukia, mkate alionunua umelala magotini. Funguo zote alikuwa amezitandaza kwenye kizingiti, moja moja, akizijaribu. Aliopewa mwisho alikuwa ameuacha ndani mezani, mlango ukajifunga nyuma yake. Alipomwona binti yake aliinuka haraka, halafu akaketi tena haraka zaidi.

"Nimemwagikiwa na maji," alisema, akavuta mkate mpaka chini ya mapaja.

Suruali ilikuwa imelowa mbele. Hapakuwa na maji karibu, wala bomba, wala mvua haikuwa imenyesha. Choo kilikuwa ndani, nyuma ya mlango huo huo.

"Haya maji ya siku hizi," alisema Mama Pini. "Yanamwagika tu." Akampa mgongo, akapiga magoti mbele ya kitasa, akakifungua kwa vyuma vyake huku machozi yanamtoka na hasira inamchemka, hajui kipi kitangulie. Mzee aliingia ndani bila kumtazama. Maji yakasikika yakimwagwa bafuni, muda mrefu.

Pale pale aliamua. Basi. Kitasa kimoja, funguo tatu. Wa kaka ufungue, wa dada ufungue, na baba arudishiwe ufunguo wake wa zamani kabisa, ule wa shaba uliochakaa meno, alioutumia tangu mama yupo. Kila mkubwa ataambiwa kwamba ufunguo wake unafungua, na huo si uongo. Kila mmoja atajiona ameshinda. Mzee hatakaa nje tena.

Kuamua ni rahisi. Sasa njoo uifanye. Funguo tatu kwenye silinda moja maana yake visahani juu ya visahani, tena pande zote mbili, nje na ndani. Mama Pini alikaa mezani tangu asubuhi, taa imeinamishwa, pumzi ameibana. Kisahani cha kwanza kilipinda kwenye tupa. Cha pili kilikaa vizuri kwenye msumari, kikaachia vizuri kwenye dawa, kisha kikanata chini ya kiganja chake akakitafuta kote isipokuwa hapo. Nta ilikuwa imelainika kwa joto, ikawa inashika njiti kuliko kitundu. Alishusha pini, pini ikarudi nayo juu. Akaipeleka nta kwenye kivuli ipoe. Muuza rangi akachungulia kusema kwamba supagluu isingefanya hivyo. Alitimuliwa kwa tupa.

Na hapo, katikati ya mpango wote, akaingia kaka.

"Kile kitasa hakifunguki tena kwa ufunguo wangu," alisema, akasimama mbele ya taa. "Dada yako huyo."

"Kaka, toka kwenye mwanga."

"Nimekuja tuelewane..."

"Elewana na kiti kile pale. Kaa. Usiguse meza, usipige chafya."

Kaka alikaa. Mtu aliyesimamia ghala hawezi kukaa bila kukagua. Akaokota tyubu ya supagluu, akaigeuza geuza. "Si ulisema wewe hutumii hii?"

"Inashika kwa muda tu," alijibu Mama Pini bila kuinua macho, kisahani kikiwa kinaning'inia kwenye ncha ya njiti. "Ukimaliza unaweka dawa ya kucha, inaachia. Kaka, tafadhali, nyamaza."

"Aa, kwa muda," alisema kaka, akairudisha tyubu mezani. Mama Pini hakufikiria kingine chochote. Alikuwa akihesabu vitundu.

Jioni alikifunga kitasa mlangoni. Alimwita baba yake, akamwekea mkononi ufunguo wa shaba. Mzee aliutazama, akautazama mlango, akautia. Ulizunguka kwa ulaini kabisa. Akafungua, akafunga, akafungua tena, akacheka kidogo peke yake. Kaka aliambiwa ufunguo wake unafungua. Dada aliambiwa ufunguo wake unafungua. Kila mmoja alitabasamu kwa namna ambayo Mama Pini alitamani kuirushia kitu.

Kukawa na amani, au tuseme kukawa na chakula. Dada alileta mchana, akaosha vyombo, akaondoka akijua kwamba yeye peke yake ndiye anayeingia. Kaka alileta jioni, akafagia ua, akaondoka akijua vile vile. Mzee alikula vyote viwili na mashavu yakajaa. Hakusema neno. Mama Pini alilala vizuri, na kwa kipindi kile alijiona ndiye mwenye akili katika ukoo mzima.

Kisha kaka akaenda mchana.

Alikuta sufuria ya dada jikoni, bado ya moto. Alisimama akaitazama. Aliita, "Mzee!" akaita tena, hakuitikiwa, akaamua mzee ametoka kwenda kunyoa. Alirudi nje, akafunga mlango kwa ufunguo, akaenda dukani, akarudi na tyubu ya supagluu. Aliiminya yote ndani ya tundu la ufunguo, mpaka ikachuruzika. Halafu akampigia simu mdogo wake, sauti imetulia kama ya mtu aliyetenda jambo la busara.

"Nimesimamisha mambo pale nyumbani. Haingii mtu mpaka tukae kikao cha familia."

"Umesimamisha vipi?"

"Nimeweka ile gundi yako ya muda. Tukishaelewana utakuja na dawa ya kucha, itaachia. Si ndivyo ulivyosema?"

Mama Pini aliinuka. "Baba yuko wapi?"

"Hayupo. Nimeita."

"Kaka! Baba huwa analala mchana! Sikio moja halisikii, na analalia lile zima!"

Mama Pini akakata simu.

Alibeba mfuko wa vifaa, akapita saluni akanyakua chupa nzima ya dawa bila kueleza, akaenda mbio. Alipofika, kaka alikuwa ameshika kitasa kwa mikono miwili akikivuta, na dada, aliyepigiwa simu na jirani, alikuwa amesimama nyuma yake akimweleza mbele ya mtaa mzima yeye ni mtu wa aina gani.

"Umemfungia baba kama mbuzi!"

"Na wewe ufunguo umeupata wapi? Niambie, umeupata wapi?"

"Tokeni," alisema Mama Pini. Akapiga magoti. Gundi ilikuwa imejaa tundu mpaka mdomoni, imekauka, inang'aa. Alijaza bomba la sindano, akaingiza dawa. Haikupenya popote, ilimrudia mkononi.

"Si ulisema inaachia?" kaka aliuliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Tone moja, kaka! Tone moja, kwenye kichwa cha msumari! Wewe umemimina tyubu nzima kwenye kitasa!" Alipiga kelele, na hakuwahi kumpigia kaka yake kelele maishani. "Kwenye kitasa cha visahani! Imeingia mpaka katikati, hata kwa ndani ufunguo hautazunguka! Unajua nimekaa siku nzima kupanga vile visahani? Unajua mgongo wangu unavyouma?"

Dirisha likafunguka. Baba alikuwa amesimama nyuma ya nondo, fulana imegeuka upande kwa usingizi, kikombe cha chai mkononi. Aliwatazama mmoja mmoja.

"Baba, uko salama?" dada alikimbilia pale, akashika nondo.

"Niko nyumbani kwangu," alisema mzee. "Nyinyi je?"

Mzee akanywa chai kidogo.

"Mzee, usiwe na wasiwasi, huyu anafungua sasa hivi," alisema kaka.

"Asifungue kwanza. Nina la kusema, na mkishaingia humu ndani sitapata nafasi." Aliweka kikombe kwenye ukingo wa dirisha. "Niliwahi kufungiwa nje ya mlango huu. Nilinyamaza. Leo nimefungiwa ndani, sinyamazi. Naomba kuuliza. Katika nyinyi, yuko hata mmoja aliyeniuliza ufunguo wa nyumba hii apewe nani?"

Kaka aliangalia chini. Dada akaangalia pembeni. Mama Pini, aliyekuwa bado amepiga magoti, alisubiri kwa utulivu, maana alijua yeye hayumo kwenye kundi hilo. Alisubiri mpaka akaona baba yake anamtazama yeye.

"Mimi nilikurudishia ufunguo wako, baba," alisema.

"Ulinirudishia. Ukawapa na wenzako, hukuniambia. Naamka nakuta mtu jikoni. Natoka kuoga nakuta mtu ananifulia. Wananipenda, naona. Ila hata gerezani, mama, askari hugonga bakuli kwanza."

Alimwita mama, kama alivyomwita tangu utotoni, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alitamani kusema kwamba alifanya kwa nia njema, lakini wenzake wawili nao wangesema hivyo hivyo, neno kwa neno. Aliona aibu, ikampanda mpaka masikioni.

Mzee alipitisha mkono kwenye nondo. Ufunguo wa shaba ulikuwa katikati ya vidole. "Kitasa hicho ukishakitoa, weka kinachofunguka kwa huu. Huu tu."

"Na sisi?" kaka aliuliza.

"Mna midomo. Pigeni hodi."

"Na ukianguka humo ndani, baba?" Dada alikuwa analia waziwazi. "Ukianguka usiku nani ataingia?"

Mzee alifikiri. Ilionekana kwamba jambo hilo alishalifikiria peke yake, si mara moja. "Mtavunja mlango," alisema. "Mlango ni mbao tu."

Ilibidi kitobolewe. Mama Pini alitoboa silinda kwa drili huku kaka akishika waya na dada akipepea moshi wa ile gundi usiingie dirishani, na vumbi la shaba likamwagika kizingitini, pamoja na visahani vyote. Mlango ulipofunguka hakuna aliyeingia. Walisimama hapo, watu wazima watatu, kama wageni wasiojua nyumba. Mzee akasema wakaribie, ndipo wakavua viatu.

Silinda mpya ya aina ile ile ilikuwamo kwenye mfuko. Alikaa nayo kwenye meza ya kulia, chini ya dirisha. Kopo la nta alikuwa amelisahau kazini kwa haraka. Aliuliza kama kuna kitu chochote cha kunata, na mzee akamletea chupa yake ya mafuta ya mgando, ya kujipaka miguu. Yalikuwa mepesi kuliko alivyozoea, pini zilishika shingo upande na kuteleza, na ilibidi arudie mara nyingi. Hakusonya. Kaka alishika tochi bila kutoa maelekezo, jambo ambalo halijawahi kutokea. Dada aliinama karibu, akijifanya anaangalia, akanong'ona sikioni.

"Weka na wangu. Mmoja tu, wa dharura. Hata nisiutumie. Nitaulalia chini ya godoro."

Mama Pini aliinua macho. Mzee alikuwa jikoni anasuuza kikombe, mgongo ameupa meza. Kwenye mfuko wa vifaa, visahani vilivyobaki vilikuwamo, na mkono wake, kabla hajauamuru, ulikuwa umeshachovya njiti kwenye mafuta na kugusa kimoja. Kilinata. Ni kitu kidogo mno. Ukikiweka, ufunguo wa mzee unafungua kama kawaida, na wa pili pia, na hakuna mtu duniani angejua isipokuwa fundi. Alikuwa haufikirii ufunguo wa dada. Alikuwa anafikiria wake mwenyewe. Alimwona baba yake sakafuni, mlango umefungwa, redio inaongea peke yake, na yeye nje na nyundo, akivunja mbao ngumu.

Alikishikilia kisahani juu ya kitundu mpaka kaka akasogeza tochi, akidhani haoni vizuri.

"Naona," alisema Mama Pini. Akapangusa njiti kwenye kitambaa, kisahani na mafuta pamoja. Akachukua pini inayofuata.

Kesho yake asubuhi alipita pale kabla ya kwenda kazini, bakuli la chakula limefunikwa mkononi. Alimkuta dada mlangoni na chupa ya chai, amekwishasimama hapo muda. Kaka naye alikuwa anakuja na ufagio begani. Hawakusalimiana vizuri, ila walisalimiana.

"Hodi," alisema Mama Pini.

Wote watatu walitega sikio kwenye mbao. Dada alimshika mkono akaubana. Kaka alikuwa ameshautazama mlango kama mtu anayepima unene wake.

"Hodi, baba!"

Kiti kilisogea huko ndani. Hatua za mzee zilisikika, zikasimama, zikarudi zilikotoka. Redio ikaongezwa sauti kidogo.

"Subirini," ilisema sauti yake. "Nanyoa ndevu."

Wakasubiri, chakula kikipoa.